Ziwa Lisilokaa: Habari za Uvuvi katika Nchi ya Ugogo

Mtu wa pwani akiambiwa kwamba katika nchi ya Ugogo wako wavuvi, hucheka na kusema, "Huko hata maji ya kunywa ni taabu, samaki watatoka wapi?" Wala hatuwezi kumlaumu. Msafiri apitaye katika uwanda wa katikati mwezi wa Septemba huona mibuyu isiyo na majani, migunga, vichuguu, na vumbi jekundu lipeperushwalo na upepo. Mvua ya huko ina majira moja tu, tangu Desemba hata Aprili, na kwa kawaida haizidi sana milimita 570 kwa mwaka. Kisha jua na upepo vina nguvu ya kukausha maji mara tatu na zaidi ya kimo cha mvua hiyo.

Lakini msafiri huyo huyo akiingia sokoni Dodoma atawakuta kambale waliobanikwa kwa moshi, wamekunjwa mkia kinywani, na perege waliopasuliwa wakakaushwa. Wengine hutoka mbali, na wengine hutoka katika maji ya nchi hiyo hiyo kavu. Leo, basi, nataka tuzungumze habari za maji hayo, na za watu wanaovua humo, tangu zamani hata siku zetu hizi. Maana ziko habari ambazo mtu asipozijua aweza kuimaliza riziki yake kwa mikono yake mwenyewe, huku akidhani anatajirika.

Kwanza na tulitazame jina la mji. Wazee husimulia kwamba tembo mmoja alikwenda kunywa maji karibu na mlima wa Imagi, akanasa katika matope, akazama asiweze kutoka. Watu walipoona wakasema kwa Kigogo, "Idodomya," yaani amezama; na kwa neno hilo mji ukaitwa Dodoma. Mwenye kutafakari ataona jambo hapa. Nchi inayosifiwa kwa ukavu imepewa jina lake kwa sababu ya mnyama aliyezama. Ndiyo tabia ya Ugogo: mwezi huu vumbi, mwezi ujao tope la kumzamisha tembo.

Sasa tuelekee magharibi ya Dodoma, hata Bahi. Huko nchi imeshuka kama bakuli. Upande wa machweo limesimama genge la Bonde la Ufa, na juu yake ndiko Saranda na Kilimatinde. Mto Bubu hushuka kutoka nchi ya juu ya Kondoa ukaja kumwaga maji yake katika bakuli hilo. Mito mingi tuijuayo huenda mpaka baharini, lakini Bubu hauendi. Ukifika Bahi safari yake imekwisha, kwa kuwa bonde lile halina mlango wa kutokea. Maji hutanda juu ya uwanda, yakawa mbuga ya matete na ziwa liitwalo Sulunga. Hayana pa kwenda ila juu, kwa nguvu ya jua. Yakiisha kupaa huacha chumvi yake chini, na kwa hiyo udongo wa pande zile una chumvi.

Ziwa la namna hii halikai. Mwaka wa mvua nyingi hutanda mbali hata mtu asione ng'ambo. Mwaka wa mvua haba hupungua likawa madimbwi. Na ukame ukifuatana miaka miwili mitatu, ng'ombe hupita mahali pale pale mitumbwi ilipopita. Mvua kubwa zilizoshuka Afrika Mashariki mwaka 1961 na 1962, na zile za mwaka 1997 na 1998, zilijaza maziwa mengi na kufurika mito. Kati ya miaka ya namna hiyo iko miaka mirefu ya kungoja.

Mwanafunzi atauliza, "Ziwa likikauka, samaki huenda wapi? Na likirudi, hutoka wapi?" Wako watu wanaosema kwamba samaki hunyesha pamoja na mvua. Sivyo. Kambale ana kiungo juu ya mashavu yake ambacho kwacho aweza kuvuta hewa kama sisi. Maji yakichafuka na kukosa hewa, samaki wengine hufa, naye kambale hupanda juu, akameza pumzi, akashuka. Maji yakizidi kupungua hujichimbia katika tope bichi, akakaa humo maadamu lina unyevu. Usiku wa umande au wa mvua aweza hata kutambaa juu ya nchi kwa miiba ya mapezi yake, akitafuta dimbwi jingine. Mafuriko ya kwanza yakija, huyafuata mpaka katika majani yaliyofunikwa na maji, na huko jike hutaga mayai, makumi ya maelfu, nayo huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili.

Perege ana akili nyingine. Jike hutia mayai kinywani mwake, akayalea humo hata watoto waweze kuogelea. Hutaga machache, lakini huyalinda. Iko aina moja ya perege ambayo haikuonekana mahali pengine popote duniani ila katika maziwa ya chumvi na magadi ya Tanzania, kama vile Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singida na Sulunga. Samaki huyo huvumilia maji ambayo mengine wasingeyaweza, lakini perege hawezi kukaa katika tope kama kambale. Maji yakiisha kabisa, yeye amekwisha. Na kurudi kwake hutegemea wale wachache waliosalia katika vilindi na katika mashimo ya mto. Neno hili tutalirudia.

Na tuitazame siku moja ya mvuvi wa ndoana katika maji kama haya. Huondoka kabla ya mapambazuko, kwa kuwa asubuhi hewa imetulia. Vyombo vyake ni vichache: mshipi, ndoana, chubwi ya kuzamisha, kipande cha bua kavu kiwe boya, na kopo la nyungunyungu aliowachimba jana penye unyevu. Hana haja ya maji marefu. Mahali pengi huingia kwa miguu, maji yakimfika mapajani, au husukuma mtumbwi kwa upondo katikati ya matete. Kambale hula wakati wa giza na wakati wa alfajiri, naye hachagui chakula. Nyungunyungu, utumbo wa kuku, kipande cha samaki mwenzake, vyote kwake ni sawa. Hukivuta chambo polepole, boya likaenda kama lisukumwalo na upepo, kisha likazama. Hapo asiyezoea huvuta kwa haraka akampoteza. Aliyezoea hungoja, kisha huvuta mara moja. Na akimtoa hamshiki ovyo, kwa sababu miiba ya mapezi yake huchoma sana.

Jua likipanda, kambale hushuka matopeni, na sasa ni zamu ya perege. Huyu kinywa chake ni kidogo, na ndoana yake ni ndogo. Donge la ugali humfaa. Hata saa tano upepo wa Ugogo huanza kuvuma. Ziwa lenye kina kifupi huchafuka upesi, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, na mvuvi hurudi pwani kupumzika penye kivuli, kama kivuli kipo. Hapo wachuuzi, na wengi wao ni wanawake, huwa wamekwisha kufika na mabeseni. Samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi au hupandishwa juu ya uchaga, na moshi huanza. Jioni upepo ukitulia mvuvi hurudi majini kwa muda wa saa moja au mbili, kisha huenda zake. Siku njema humpa kitoweo cha nyumbani na cha kuuza. Siku mbaya humpa kitoweo tu, au asipate hata hicho.

Kazi hii ya ndoana haimalizi ziwa. Mtu mmoja na mshipi wake hawezi kuwatoa samaki wote. Lakini historia ya maji ya Ugogo si historia ya mtu mmoja na mshipi wake, na sasa twende huko.

Karne ya kumi na tisa njia kubwa ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata katikati ya Ugogo. Msafiri alipotoka Mpwapwa ilimpasa kuvuka nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, maana yake maji makali. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita huko pamoja na wapagazi wao, kiongozi wa msafara akiwa Said bin Salim. Baada ya nyika ile walitua penye bwawa ambalo watu wa misafara waliliita Ziwa tu, bila jina jingine. Kwa mtu aliyeliona Ziwa la Tanganyika jina hilo ni la kuchekesha. Lakini kwa mpagazi mwenye kiu lilikuwa ziwa kweli. Mwaka 1871 Henry Stanley alipita Ugogo akimtafuta David Livingstone, naye kama wenzake alitoa hongo kwa watemi: nguo, shanga na waya. Wageni walinung'unika sana juu ya hongo hiyo. Lakini Wagogo walikuwa na hoja yao. Wenye visima na mabwawa ndio waliovichimba na kuvilinda, na msafara wa watu mamia uliweza kukausha kwa siku moja maji ambayo kijiji kiliyategemea kwa mwezi mzima. Maji yalikuwa na mwenyewe, na mgeni hakuchota bila idhini. Desturi hiyo tuikumbuke.

Reli ilipojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, kazi iliyoanza mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Njia yake ilipita Bahi, kando ya mbuga ile ile. Tangu hapo kitu cha Bahi kiliweza kufika mbali kwa siku moja. Samaki aliyekaushwa hahitaji barafu. Hufungwa mzigo na kupakiwa. Kwa hiyo aliyevua kwa ajili ya chungu chake aliweza sasa kuvua kwa ajili ya chungu cha mtu asiyemjua.

Hatuna budi pia kutaja njaa, kwa maana Ugogo haisimuliwi bila njaa. Ile ya Mtunya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, tangu 1918 hata 1920, iliua watu wengi sana. Majeshi yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo; kisha mvua ikakosa. Mtu aweza kusema, "Basi ziwa ni akiba ya siku ya njaa." Ni kweli nusu. Ukame ule ule ukaushao shamba la uwele hukausha na ziwa. Ziwa si ghala ambalo mtu hulifungua shamba likishindwa. Ziwa na shamba hunyweshwa na mvua moja.

Kwa sababu hiyo watu wakafikiri kutengeneza maziwa yasiyokauka. Mwaka 1957, wakati wa utawala wa Waingereza, bwawa la Hombolo lilijengwa kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma. Baada ya uhuru lilikuja kubwa zaidi. Mwaka 1980 ukuta wa Mtera ulikamilika katika mto wa Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Shabaha yake haikuwa samaki bali umeme, ili maji ya masika yawekwe akiba kwa mitambo ya Kidatu iliyo chini ya mto. Na tangu mwaka 1988 Mtera yenyewe ina mitambo yake, ya megawati 80. Bwawa likijaa, eneo lake hufika kiasi cha kilomita za mraba 600. Watu waliokuwa wakulima na wafugaji waliamka wakakuta mawimbi mbele yao. Wavuvi wenye ujuzi walikuja kutoka mikoa mingine wakiwa na nyavu na mitumbwi, na vijana wa Kigogo na wa Kihehe wakajifunza kwao.

Lakini hata ziwa la kujengwa ni mgeni. Hombolo huingiwa na mchanga na udongo utokao katika vilima visivyo na miti, na kila masika kina chake hupungua. Na Mtera hutegemea watu walio mbali. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na moja ya sababu zinazotajwa ni maji mengi kuchukuliwa kwa mashamba ya mpunga katika uwanda wa Usangu. Katika ukame wa mwaka 2005 na 2006 Mtera ilishuka sana, umeme ukagawiwa kwa zamu katika nchi nzima. Watu wa mijini walikaa gizani wakanung'unika, wala wengi hawakujua kwamba giza lao na taabu ya mvuvi wa Mtera ni jambo moja.

Sasa nafika penye neno nililotaka hasa kulisema, nalo ni hili: ziwa la Ugogo hutoa samaki wengi zaidi wakati linapokufa.

Angalieni sababu. Mwaka wa mafuriko samaki wametawanyika katika maji mapana na katika majani. Mvuvi hutwa nzima apata wachache. Maji yakipungua, samaki wale wale wakusanyika mahali padogo. Wavu mmoja hutoa mzigo. Wachuuzi huja wengi, vibanda vya kubanikia hujengwa, miti ya kuni hukatwa, na kila mtu husema, "Mwaka huu ziwa lina baraka." Kumbe ziwa halina baraka, linamwaga vyote vilivyomo. Baada ya miezi michache kuna tope lililopasuka na vibanda vitupu.

Je, ni kosa kuvua katika dimbwi linalokauka? Hapana, si kosa. Dimbwi ambalo litakauka kabisa kabla ya Desemba, perege waliomo watakufa watake wasitake, na kuwaacha wawe chakula cha korongo na kunguru si hekima. Lakini yako madimbwi mengine: yenye kina, penye maungio ya mto, penye kivuli, ambayo mwaka baada ya mwaka hubaki na maji kidogo hata mvua inayofuata. Hayo ndiyo ghala la mbegu. Samaki mia waliobaki humo ndio ziwa la mwaka ujao. Anayepitisha kokoro katika dimbwi la namna hiyo, akakumba wakubwa na wadogo, amefanya kama mkulima aliyetwanga mbegu zake akala ugali siku moja. Na wavu wa matundu madogo ni hatari kwa perege hasa, kwa kuwa jike mwenye watoto kinywani akishikwa, wamekwenda wote pamoja.

Serikali imetunga sheria. Ipo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, na ile ya mwaka 2003 iliyochukua mahali pake, pamoja na kanuni za mwaka 2009 zinazokataza kokoro. Lakini afisa wa uvuvi mmoja hawezi kusimama penye kila dimbwi kutoka Bahi hata Mtera. Wajuao dimbwi lipi hukauka na lipi hubaki ni wazee wa mahali penyewe, na wachungaji wanaonywesha ng'ombe humo. Kwa hiyo kazi ni ya kijiji. Yafaa wazee wakutane mwezi wa Juni au Julai, maji yanapoanza kushuka, wayataje madimbwi kwa majina: haya ya kuvua, na haya ya kuacha. Haliwi jambo jipya. Babu zao waliosimama penye visima wakati wa misafara walijua kwamba maji yana mwenyewe, na kwamba mgeni, hata akija na nguo na shanga, hachoti mpaka aambiwe chota. Mwenye lori la kununua samaki ni msafara wa siku hizi.

Nanyi wanafunzi mlio karibu na maji haya mnaweza kufanya kazi moja rahisi. Simamisheni mti wenye alama katika dimbwi lenu, mkaandike kila wiki maji yamefika wapi, na siku yalipokauka, kama yamekauka. Andikeni pia mvua ya kwanza ilinyesha lini, na kambale wa kwanza walionekana lini katika majani. Baada ya miaka mitano kitabu chenu kitawafaa wazee kuliko maneno mengi, maana kumbukumbu za watu huchanganya mwaka na mwaka, lakini alama ya mti haichanganyi.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ziwa la Sulunga ni mgeni wa Ugogo. Huja na mvua, hukaa apendavyo Mungu, kisha huondoka. Mwenyeji hawezi kulizuia lisiende. Aweza tu kuangalia kwamba likirudi lisirudi tupu.

Basi kwa leo tuishie hapa. Kwaherini.